Chumba cha Kusomea cha Mtani Wetu

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za babu zetu, na sina ugomvi na hilo. Utani unapoza misiba, unapatanisha waliogombana, na mtani akikamata kuku wako uani huna pa kumshitaki. Ila mimi Mwamini niliolewa na Mnyamwezi, nikaishi naye hapahapa Kisarawe kwa watu wangu, na nasema wazi kwamba mtu anaweza kuchekwa mpaka akaharibikiwa, na waliomcheka wakabaki wanaapa kwamba walikuwa wanampenda. Na kweli walimpenda. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mume wangu jina lake Zahoro. Alizaliwa upande wa Tabora, vita vya Hitla vikamchukua mpaka Burma, na hukohuko jeshini akafundishwa kusoma na kuandika. Aliporudi alishuka Dar es Salaam, akapanda Kisarawe kumtembelea mwenzake wa jeshini, akaniona mimi nafua. Safari ya Tabora ikaishia hapo. Baba alipokea mahari, kisha juu ya mahari akamtoza ya utani, maana Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ya misafara tangu zamani, na mpagazi haozeshwi mtoto wa mwenyeji bila kubeba mzigo. Akabebeshwa gunia la muhogo kutoka kijiji cha Masaki mpaka mlangoni kwetu, watu wanamfuata nyuma kwa vigelegele na matusi. Alibeba mpaka mwisho, anacheka naye. Tangu siku ile mji mzima ukamweka kwenye fungu la watu wa kuchekesha, na hakuna aliyefikiri kumtoa humo.

Vita vilipokwisha serikali ilijenga chumba cha kusomea kando ya barabara ya boma, ili askari waliorudi na raia wengine wapate mahali pa kukaa na kujielimisha. Zahoro akapewa ufunguo. Kulikuwa na kabati la vitabu, mabenchi, taa ya karabai, na gazeti lililofika na gari likiwa limekwisha kuzeeka. Jamani, alikipenda kile chumba! Alikifagia kuliko nilivyofagia mimi nyumba yangu. Kitabu kikichanika alikishona kwa uzi na sindano yangu, na mimi nikitafuta sindano ya kushonea nguo za mwanangu Sikuzani siioni. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache, hata panya hawakuvihangaikia, lakini ukimsikia Zahoro anavyovitaja ungedhani ana ghala la dhahabu.

Watu hawakuja. Walipita mlangoni, wakachungulia, wakamtania, wakaenda zao. "Mpagazi, leo umebeba karatasi?" Basi wameridhika. Aliyeingia na kukaa alikuwa mmoja tu, Mzee Mwinyijuma, naye macho yake yalikwisha ingia ukungu. Kila siku baada ya alasiri alifika akipapasa njia kwa fimbo, akamtukana Zahoro tangu barabarani, akaketi benchi la mbele, kisha akasema, "Haya, soma." Zahoro akamsomea gazeti. Mzee akabishana na gazeti, akamkemea Zahoro kana kwamba yeye ndiye aliyeliandika, akaondoka ameridhika. Siku asipofika, mume wangu alirudi nyumbani amenyong'onyea, hata ukimpa ugali na samaki anachokonoa tu.

Mwaka mmoja, masika yanakwisha, akaja mzungu mmoja wa mambo ya ustawi na karani wake. Alikuta mabenchi matupu. Akauliza watu wako wapi, akaambiwa wako mashambani. Mara ya nyuma aliambiwa wako ngomani. Akamwambia Zahoro kupitia kwa karani kwamba atarudi wakati wa kipupwe, watu wakiwa wamevuna. Akikuta watu, chumba kitabaki na ataleta kabati la pili. Asipokuta watu, kitafungwa na kuwekwa majembe na mbegu, maana majembe yana kazi.

Hapo ndipo Zahoro alipoanza kuhangaika na ratiba yake ya kipupwe. Si kwamba aliikurupukia. Alitembea nyumba kwa nyumba akiuliza wapi watatoa mwali na wapi watacheza jando, akazikwepa siku hizo zote. Akapanga jioni za gazeti, jioni za kuwafundisha watu wazima herufi, na mchana mmoja wa wanawake, kushona pamoja na kusoma, na huo nilimwomba mimi mwenyewe, maana nilichoka kushika kitabu cha mume wangu kama ninavyoshika kuni. Alhamisi ya ufunguzi ilikuwa ya hadithi: angesoma kitabu kwa sauti mbele ya watu wote, karabai inawaka, na mzungu alikwisha leta habari kwamba siku hiyo atakuwapo. Akaandika yote kwenye ubao kwa chaki, akauning'iniza nje. Lakini ubao unasomwa na anayejua kusoma. Ikabidi atangaze kwa mdomo, na mdomo wa Zahoro ulikuwa mdomo wa mtani.

Alipanda baiskeli, akafika Masaki, akafika Mzenga, akafika mpaka Chole na kengele mkononi. Kote alipokelewa kwa shangwe. Alikalishwa, akalishwa, akatukanwa vizuri. Akisema, "Alhamisi njooni Kisarawe, kuna mambo," wanamjibu, "Mambo gani ya Mnyamwezi, unataka tukupandishie mzigo kichwani?" Akisema mzungu anakuja, wanasema sasa mpagazi amepata wa kumbeba. Akasema, "Wallahi, nasema kweli!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana hakuna utani mtamu kama wa mtu anayeapa.

Nikamshauri, "Baba Sikuzani, wewe huwezi. Mtume jumbe." Akaenda kwa Jumbe Mfaume, mtu mzito asiyecheka hovyo. Jumbe akakubali, na Ijumaa baada ya swala akasimama mbele ya watu. Akafungua kinywa, akasema, "Jamaa, mtani wetu anasema..." Hakumaliza. Msikiti mzima uliangua kicheko, na jumbe naye akacheka, akaketi.

Nikaenda mimi kisimani. Nikawaeleza wanawake kwa utaratibu, chumba kitafungwa, njooni, kuna kushona, kuna kusoma. Shangazi yangu Mwanne, ambaye ndiye aliyenilea, alinitazama akatikisa kichwa.

"Ewe Mwamini, kuolewa na mtani kumekufanya mtani," akasema. "Hebu nitwishe ndoo yangu."

Nikamtwisha. Niliitua kichwani kwake kwa hasira, maji yakammwagikia mgongoni, naye akadhani hilo pia ni utani.

Jumanne ya wiki ile ya ufunguzi Mzee Mwinyijuma akafariki. Alilala mchana, hakuamka. Zahoro aliposikia alikaa chini palepale kwenye ngazi ya chumba chake, akajifunika uso. Aliyempita akamwambia, "Mtani, anza kulia mapema, posho yako iko." Kwa maana mtani ana kazi yake msibani. Wengine wanalia, yeye anachekesha. Anavaa vibaya, anamwiga marehemu, anazuia jeneza mpaka alipwe, na wenye msiba hawana ruhusa ya kukasirika. Mume wangu alikuwa amefiwa na rafiki yake wa pekee, na mji mzima ulikuwa unamngoja aje awachekeshe.

Alikwenda. Alichukua fimbo ya marehemu, akapapasa uwanja mzima akimtukana Zahoro kwa sauti ya Mwinyijuma ileile: "Haya, soma! Umesoma uongo!" Wanawake tulikuwa tunalia, tukajikuta tunacheka na machozi yanatoka. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba ya kwake hayakuwa ya kucheka.

Maiti ilipotolewa, wanaume wamekwisha inua jeneza, Zahoro akajitupa chini njiani mbele yao.

"Haendi mtu!" akasema. "Huyu mtumwa wangu, mnampeleka wapi bila kunilipa?"

Watu wakafurahi, hayo ndiyo waliyoyangoja. Wakaanza kumrushia senti. Akazisukuma kwa mkono.

"Senti zenu sitaki. Nawataka nyinyi. Alhamisi mzungu anakuja kutazama chumba. Asipokuta watu anakifunga. Niahidini mtakuja wote, ndipo niondoke."

Wakacheka, lakini deni la mtani mbele ya jeneza ni deni, halikataliwi. Jumbe Mfaume akajibu kwa niaba ya wote.

"Tumekubali, mtani. Tutakuja wote, wake kwa waume. Tukishaanua matanga tu."

"Matanga mtaanua Ijumaa! Mimi nasema Alhamisi!"

"Ah, Mnyamwezi nawe! Mtu atoke matangani aende kusikiliza hadithi? Inuka, bwana, jua hilo."

Nikamtazama mume wangu pale chini kwenye vumbi. Kwa haki ya utani angeweza kulala pale mpaka wakubali. Wasingemgusa. Moyoni namwambia, usiinuke, Zahoro, usiinuke, leo ndiyo siku yako. Akalitazama jeneza. Wabebaji walikuwa wamesimama juani, na aliyekuwa ndani ni Mwinyijuma, na maiti ya Mwislamu haicheleweshwi. Akainuka. Akajikung'uta, akatia bega lake chini ya jeneza, akabeba.

Usiku nilimsema. Nilimwambia umeupata mji mzima mkononi ukauachia. Akanijibu neno moja tu, "Mzee alikuwa amechoka."

Alhamisi asubuhi alifagia, akapanga mabenchi, akajaza mafuta kwenye karabai. Wote walikuwa matangani kwa Mwinyijuma, wamekaa mikekani, wanapika, wanazungumza. Mimi niliondoka huko mchana bila kuaga. Kuondoka matangani kabla hayajaanuliwa ni aibu, na Shangazi Mwanne aliniona akanigeuzia mgongo, jambo ambalo kwake ni matusi makubwa. Nikaenda kukaa benchi la mbele, mahali pa Mwinyijuma, nikafungua kitabu. Sijui kama nilikishika juu chini.

Mzungu akaingia na karani wake. Akatazama mabenchi, akanitazama mimi. Akauliza watu wako wapi.

"Msibani," Zahoro akasema.

Karani akamfasiria. Mzungu hakukasirika, afadhali angekasirika. Alitabasamu kidogo kama mtu aliyejua jibu kabla ya kuuliza. Akasema maneno, karani akayageuza: "Bwana anasema, mara ya kwanza ngoma, mara ya pili shamba, sasa msiba. Anasema labda watu wa hapa hawataki kusoma, na si kosa lako."

"Watakuja Jumamosi," Zahoro akasema. "Wameniahidi mbele ya maiti. Bwana asubiri mpaka Jumamosi."

Karani alikuwa mtu wa pwani, alijua mtani ni nani na ahadi ya mbele ya jeneza ni kitu gani. Alifungua kinywa, akamtazama mzungu, sijui aliona ataanzia wapi. Akafasiri kwa maneno mawili matatu. Mzungu akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuupokea ufunguo.

Ijumaa lilikuja lori. Vitabu vikatiwa makashani vikaenda Dar es Salaam, majembe yakaingia, na magunia ya mbegu, na kufuli jipya mlangoni. Ubao wa ratiba waliuacha nje, haukuwa na kazi kwao. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, lakini hawakusema usaha unamtoka nani.

Jumamosi walikuja. Wote, kama walivyoahidi. Niliwasikia kabla sijawaona, wanaimba. Jumbe Mfaume mbele na kanzu iliyopigwa pasi, wanaume nyuma yake, watu wa Masaki, watu wa Mzenga, na hata kutoka Chole walikuwapo kwa sababu ya msiba. Shangazi Mwanne ameongoza wanawake, wamevaa khanga zilizofanana, na mkononi ameshika kitambaa na uzi, kwa ajili ya kushona. Sijapata kuona watu wengi hivyo Kisarawe bila ngoma. Zahoro alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chumba, mimi kando yake.

"Mtani, tumekuja kulipa deni," Jumbe akasema. "Fungua."

"Pamefungwa," Zahoro akasema. "Mzungu alikuja Alhamisi. Vitabu vimechukuliwa. Ndani mna majembe."

Kicheko kilichopigwa kilitisha ndege juu ya bati.

"Mna majembe!" mmoja akapokea. "Mpagazi amefungua duka la majembe!"

"Nasema kweli, jamaa. Wallahi."

"Wallahi, anasema!" Na wakacheka upya, wakapigana viganja. Jumbe akajifuta macho kwa pindo la kanzu. Nikasimama, nikapiga kelele kwamba ni kweli, tazameni kufuli, tazameni! Wakanicheka na mimi, mke wa mtani. Zahoro akaanza kulia. Alilia kweli, mabega yanatikisika, kamasi zinatoka, na walivyozidi kumwona analia ndivyo walivyozidi kushangilia, maana pale msibani alilia vilevile, na walikubaliana kwamba hakuna mtani anayejua kulia kama huyu.

Kisha wakatandika mikeka. Wakaketi uwanjani mbele ya mlango, wanaume upande huu, wanawake upande ule, watoto wakanyamazishwa, wote wametazama mbele kumngoja aache mzaha. Jinsi walivyokaa ndivyo alivyokuwa akinieleza usiku alipokuwa akiipanga ratiba yake.

Shangazi Mwanne akanivuta upindo wa khanga. "Mwamini," akaniuliza kwa sauti ya chini, uzi tayari ameutia kwenye sindano, "mumeo atafungua saa ngapi?"