Bolti Iliyopakwa Weusi

Hadi leo nikipita Bukoto, hapa Kampala, hasira hunipanda. Nilikuwa mlinzi wa kampuni binafsi, nikilinda lango la ghala la vifaa vya ujenzi, na asubuhi ile bunduki yangu ilikuwa imerudi kutoka kwa mchomeleaji. Meno ya bolti, kile chuma kinachoifungia risasi ndani ya bunduki, yalikuwa yamelika. Badala ya kununua bolti nyingine, wakubwa wetu waliyajaza chuma kwa moto, wakayasugua, kisha wakaipaka weusi ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Eti imekuwa mpya!

Mimi nilizaliwa katika kambi ya polisi Naguru. Baba yangu, mtu wa kaskazini, alikuwa fundi wa silaha, na sisi watoto tuliijua bolti kabla ya kujua kusoma. Meno yale ndiyo yanayoizuia isirudi nyuma risasi inapolipuka. Kiwandani chuma chake hutiwa ugumu. Ukikichoma ovyo ugumu unatoka, na siku meno yakikatika, bolti inamrukia mpigaji usoni. Weusi hauzuii kitu.

Nikaichomoa bolti, nikachukua tupa ya kunolea pale ghalani. Juu ya chuma kigumu tupa huteleza tu. Hapa iliuma, na unga wa chuma ukadondoka mezani.

"Afande, hii imekuwa laini," nilimwambia msimamizi. "Itanitoa macho."

Akacheka. Alicheka, mtu mzima! "Nyabo," akaniita, yaani bibi kwa Kiganda, "hii iko ya kutisha watu tu. Nani amekwambia utapiga? Kama unaogopa, tutapatia mwenzako."

Mwenzangu alikuwa papo hapo, Mkenya mpole, baba wa watoto, aliyenigawia chai yake kila asubuhi. Akanyoosha mkono aipokee. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini huyu nilikuwa nampenda kama ndugu yangu. Nikaikandamiza bolti mezani, nikavuta tupa kwa nguvu zangu zote huku msimamizi akinipigia kelele, hadi jino moja likabaki na mfereji ambao hakuna rangi ingeuficha.

Nilifukuzwa palepale, na hilo halikuniuma hata kidogo. Lakini bunduki nyingine haikuwapo, na mlinzi asiye na bunduki hapewi zamu wala mshahara. Mkenya alinifuata hadi nje ya lango.

"Dada, macho ni yangu," aliniambia. "Ungeniuliza kwanza."