Siku Tuliyopandishwa Shario

Gurudumu moja la mbele lilikuwa bovu. Liligonga vigae vya sakafu, likalia kama panya aliyebanwa na mlango, likanyamaza, kisha likaanza tena. Tulikuwa katika supamaketi mpya hapa Kolwezi, mahali panaponukia mkate wa moto na sabuni ya kupigia deki. Binti yangu Ruth alikuwa anasukuma shario, ndivyo tunavyokiita huku kile kigari cha waya cha dukani. Mjukuu wangu Naomi, ambaye hajafikisha miaka minne, alisimama mbele yake ameinua mikono yote miwili ili apandishwe ndani.

"Apana!" nilisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mlinzi wa mlangoni aligeuka kututazama.

"Tata, batoto bote beko ndani," Ruth aliniambia mimi baba yake. "Angalia ule, anakula na mukate."

Ilikuwa kweli. Mtoto mmoja alikuwa amekaa juu ya mifuko ya mchele kama chifu, makombo yakimdondokea kifuani. Nilijibu kwamba gurudumu la shario letu ni bovu. Ruth alienda akachukua jingine. Nikakataa tena. Naomi alitembea duka zima akishika waya wa shario na kulia kwa sauti ndogo, ile ya mtoto anayetaka kila mtu ajue nani amemwonea.

Hoja za watu kuhusu jambo hili nazijua. Mtoto akisimama ndani ya shario anaweza kuanguka kichwa chini. Viatu vilivyokanyaga vumbi la barabara ya malori ya mgodi havifai kukaa palipowekwa mkate. Wengine wanasema mtoto aliye ndani hapotei, wala mama yake hachoki kumkimbiza. Zote naziona kuwa za kweli. Lakini asubuhi ile hakuna hata moja iliyokuwa kichwani mwangu. Kichwani mwangu kulikuwa na mikono ya Naomi tu, ilivyokuwa juu.

Mimi nilizaliwa Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi hapa hapa Kolwezi, katika nyumba ya Kampuni. Babu alitoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, baba akafuata njia hiyo hiyo, na nyumbani tulichanganya Kiluba na Kiswahili kama mama alivyochanganya unga wa mahindi na wa muhogo: hakuna aliyeuliza kimoja kimeishia wapi. Baba alifanya kazi kwenye mashine za kusaga mawe. Alirudi jioni akiwa na vumbi la kijivu kwenye nyusi, nasi tulijua amefika kwa harufu ya grisi kabla hatujamwona.

Siku moja, nilipokuwa na miaka saba, mama alinituma nimpelekee baba chakula alichokisahau. Nilichelewa njiani, nikafika lango la mgodi wakati zamu inatoka. Wanaume walikuwa wamejipanga mstari, na mbele ya mstari alisimama mlinzi mwenye sare ya kaki. Kila mmoja aliinua mikono, mlinzi akampapasa kuanzia kwapani hadi kwenye soksi, asije akatoka na waya au kipande cha shaba. Baba naye alifika mbele. Kofia yake ilikuwa imepitishwa kwa mlinzi mwingine, na mikono yake ilikuwa juu. Hapo ndipo aliponiona. Sikusahau uso wake, ila sikuweza kuusoma. Nilifikiri amekasirika kwa sababu chakula kimepoa.

Jioni ile alipoingia nyumbani kwa mlango wa mbele, hakuvua hata viatu. Aliinua mikono juu, akaniita.

"Shefu wa mulango! Kuya uniangalie. Labda mi nimeiba mugodi muzima."

Shefu, yaani bosi, nilikuwa mimi; nilimpapasa kama nilivyomwona mlinzi akifanya. Mfukoni mwa shati nikakuta karanga zilizofungwa kwenye karatasi. Mdogo wangu Ngalula, aliyekuwa na miaka mitatu, alipiga kelele za furaha, na baba akasema kwa sauti ya padri, "Mukono mutupu haulambwe."

Tangu siku hiyo mchezo ule ukawa wetu. Kila jioni tulimngoja mlangoni tukipaza sauti, "Tata, mikono yulu!" na kila jioni tulimkuta na kitu: karanga, kipande cha muwa, siku nyingine kokwa tu aliyoichonga ikawa filimbi. Jumapili tulibadilishana. Sisi ndio tuliinua mikono na yeye akawa shefu wa mlango. Kanuni ilikuwa moja: anayekaguliwa lazima akutwe na kitu. Aliyekutwa mtupu alitekenywa mbavuni mpaka aombe msamaha. Mimi nilijihadhari kwa kutembea na kifungo cha shati mfukoni kila siku. Ngalula alikuwa akisahau, na alitekenywa sana.

Mwaka ule baba alipandishwa cheo, akawa kiongozi wa timu yake. Pamoja na cheo ilikuja kadi ya kununua katika duka la mjini, walikonunua wakubwa wa Kampuni na wake zao. Sisi wa Kapata tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya posho na kusukuma unga nyumbani kwa burueti, toroli la gurudumu moja. Mama aliiweka kadi ndani ya Biblia, akashona liputa mpya ya kitenge, akaenda kuomba ushauri kwa jirani yetu Mama Kapinga, ambaye mume wake alipata kadi kama hiyo zamani.

"Mama Mbiya, kule haiko kama ku posho," Mama Kapinga alimwambia. Mbiya ni mimi. "Batoto ba Kapata banabaangaliaka kama panya mu unga. Mutoto akigusa kitu, batasema ameiba, na kadi yako batakamata. Weka batoto mu shario, bote babili. Bashike chuma. Kila mutu aone mikono yabo."

Basi hivyo ndivyo tulivyopandishwa. Leo mtu angeona mama anayewadekeza wanawe. Mama hakuwa anatudekeza. Alitubeba mmoja mmoja, akatukalisha ndani ya ule waya uliotuchoma mapaja, akaweka mikono yetu kwenye ukingo kama mtu anayepanga vikombe.

"Mushike chuma. Hata pua ikiwasha, musiache."

Pua yangu ikaanza kuwasha papo hapo. Lakini nilishika. Ngalula naye alishika. Mama alisukuma polepole katikati ya njia, mbali na rafu za pande zote mbili, akisalimia kila mtu, hata wasiomjibu. Nilisikia harufu ambazo sikuwa nimezijua: jibini, sabuni zenye maua, nyama baridi. Mama alichukua mafuta, sukari, maziwa ya unga, na sardini. Kila kitu alichokichukua alikiinua juu kidogo kabla ya kukiweka kati ya miguu yetu, ili aliyetaka kuona aone. Wanawake wawili walitutazama, wakatabasamu. Mama akanyoosha shingo. Nadhani kwa muda ule mfupi alikuwa na furaha.

Tulifika kwa mtunza kaunta. Pembeni yake kulikuwa na rafu ndogo ya pipi, imewekwa juu makusudi ili watoto wanaotembea wasiifikie. Ngalula hakuwa anatembea. Kwake pipi zilikuwa mbele ya pua.

Hata hivyo hakuzitazama kwanza. Alichokiona kwanza ni mlinzi wa duka, aliyekuwa anakuja upande wetu kutoka mlangoni. Alivaa sare ile ile ya kaki. Mimi pia nilimwona, na moyo ukaruka kwa furaha: shefu wa mlango, wa kweli! Nikagusa kifungo changu mfukoni. Kilikuwepo. Ngalula akagusa mfuko wa gauni lake, akakuta hauna kitu. Nilimwona akifikiri. Kisha mkono mmoja ukaachia chuma, ukaenda kwenye rafu, ukarudi na pipi ya karatasi nyekundu, ukaitumbukiza mfukoni. Nikaona ametenda kwa akili sana. Safari hii hatatekenywa.

Mlinzi alipofika, tuliinua mikono yetu minne juu kabisa.

Watu walicheka. Mlinzi mwenyewe alicheka. Kisha nilimwona akiacha kucheka.

"Mama, mutu asiye na kitu anainulia mikono sababu gani?"

"Shefu, ni batoto tu," mama alisema. "Banacheza."

"Tutaona."

Alinipapasa mimi, akatoa kifungo, akakigeuza, akanirudishia. Alipompapasa Ngalula, dada yangu alijinyonganyonga kwa kicheko, kwa sababu mkono ulipita mbavuni. Pipi ikatoka. Ngalula akapiga makofi.

"Shefu ameipata! Shefu ameipata!"

Hakuna aliyecheka tena. Nyuma yetu mwanamke mmoja, miongoni mwa wale waliotabasamu, alimwambia mwenzake bila kushusha sauti, "Unaona? Mikono banainua bo benyewe. Njo kusema banazoea."

"Nitailipa," mama alisema.

"Haiko mambo ya kulipa, mama," akajibu mtunza kaunta. "Leta kadi."

Kadi ilipelekwa chumba cha nyuma. Tulingoja kando, watu wakitupita na vitu vyao. Ngalula aliendelea kuinua mikono, akishangaa mbona mchezo umesimama, mpaka mama alipoishusha. Aliishusha taratibu, mmoja kisha mwingine, akaishikilia ndani ya yake. Mikono ya mama ilikuwa baridi. Mimi nilitazama chini, kupitia matundu ya waya, nikaona vidole vya miguu yake katika viatu vya kanisani, vimejikunja.

Kadi ilirudi na onyo. Mkuu wa duka alimwambia kwamba likitokea tena, baba ataitwa kazini kujieleza. Mama alisema asante. Alitutoa ndani ya shario, akamfunga Ngalula mgongoni, akaweka kapu la vitu kichwani, nasi tukatembea hadi Kapata. Kadi ilirudi ndani ya Biblia, na haikutoka tena. Mwisho wa mwezi mama alisukuma burueti kwenda kwenye posho kama zamani. Majirani walipouliza, alisema mjini unga wao una wadudu.

Jioni ile baba alikuta mama amekaa kwenye kiti akiwa bado na nguo za kutokea. Alimsimulia yote. Sauti yake haikupanda mpaka mwisho.

"Baba Mbiya, nani alifundisha batoto kuinua mikono kama bafungwa?"

Baba alikuwa ameshika kiatu kimoja. Alikitazama ndani kama mtu anayetafuta jiwe.

"Ni mi."

"Sababu gani?"

Alikiweka kiatu chini. Kisha akanitazama mimi, si mama. "Mutoto aliniona," alisema.

Nilidhani anazungumzia pipi, kwamba mimi ndiye niliyeona. Niliona aibu, ila aibu ya mtoto, ile inayopita baada ya chakula. Kesho yake mimi na Ngalula tulisimama mlango wa mbele kama kawaida. Tulimwona baba akitokea kwenye kona. Alituona. Alisimama kidogo, akakunja kulia, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni. Tangu siku ile hadi alipoacha kazi, hakuingia tena kwa mlango wa mbele akitoka kazini, hata msimu wa mvua, ijapokuwa njia ya jikoni ilipita kwenye tope la bomba la jirani. Mama hakumuuliza. Aliweka tu gunia la kufutia viatu pale.

Shule niliiacha mapema, mishahara ilipoanza kuchelewa. Umeme nilijifundisha kwa vitabu vya zamani vilivyokuwa vinachanwa sokoni kufungia karanga. Nilinunua karanga nyingi kuliko nilizoweza kula. Baadaye nilipata kazi katika kiwanda kimoja cha kampuni mpya. Siku ya kwanza, zamu ilipotoka, nilijipanga mstari. Ilipofika zamu yangu, niliinua mikono kabla mlinzi hajafungua mdomo.

"Eh! Huyu mugeni anajua kazi," mlinzi alisema. "Nani alikufundisha?"

Mstari mzima ulicheka, nami nikacheka nao. Kisha kiganja cha mtu nisiyemjua kikapita kwenye mbavu zangu, pale pale baba alipokuwa akinitekenya, na kicheko kikaisha. Nilielewa uso ule wa langoni. Nilielewa karanga. Mtu aliyeonwa na mwanawe katika hali ile alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani akitafuta namna ya kuifanya iwe mchezo kabla mtoto hajaiita jina lake. Alifaulu. Alifaulu sana, hata tukauchukua mchezo wake, tukaubeba ndani ya shario mpaka mbele ya watu, na pale ndipo jina la hali ile lilipotajwa.

Ruth bado anangoja nimweleze kwa nini Naomi alitembea huku akilia. Ni vigumu kumweleza, kwa sababu na yeye yumo.

Jioni ile ya siku yangu ya kwanza kazini nilirudi kwa miguu. Ruth alikuwa na umri wa Naomi wa leo. Alikuwa amesimama mlango wa mbele akiningoja, na aliponiona kwa mbali aliinua mikono yote miwili juu, kama wanavyofanya watoto wote duniani wanapotaka kubebwa na baba yao.

Nikazunguka nyuma, nikapitia jikoni.