Modemu ya Kidole Kimoja

Nilichoka hata kabla ya kufika Kasulu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Kibondo, nilikoletwa na serikali kutoka Moshi nikiwa kijana, na magoti yangu hayaitaki tena barabara ile. Lakini rafiki yangu alikuwa amepoteza kauli. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami mgongo wenyewe ndio huu.

Tulifundisha pamoja hesabu, mimi na yeye, mtoto wa wakimbizi wa Burundi aliyepata uraia wa Tanzania kabla ya kuota mvi. Padri mmoja alipoondoka alituachia kompyuta mbili za kizamani, zile ambazo mashine yote imo ndani ya kibodi na unaichomeka kwenye televisheni. Mwenzangu alipohamia ng'ambo kwa binti yake alibeba ya kwake, tukamcheka. Sasa kiharusi kimemlaza. Kioo cha simu hakimtii tena, ila vitufe vya kibodi ile kidole chake kinavijua.

"Baba mdogo, tafuta modemu, kile kidude cha kuunganisha kompyuta kwa simu, muongee kwa mashine zenu. Ya baba ninayo tayari," binti akaniambia kwa simu. "Kwenye simu analia tu."

Modemu gani sasa? Ya zamani inataka simu ya mezani, na waya wa simu kwangu siku hizi tunaanikia nguo. Duka la kwanza pale Kasulu walinipa kijiti cha intaneti cha kompyuta za siku hizi. Mashine yangu haina hata tundu la kukichomeka. La pili vivyo hivyo. Niliudhika, nikataka kurudi zangu. Fundi redio mmoja ndiye aliyekubali kuniagizia kidude kinachoshika intaneti ya simu ya mkononi, kisha kinaidanganya mashine kwamba imepiga simu ya mezani. Kilipofika akataka kukiweka kwenye kasi ya juu.

"Punguza. Ikienda mbio, mashine inameza herufi."

"Mwalimu, si itakuwa konokono kabisa?"

"Ninayeongea naye ni konokono. Punguza."

Jumapili mchana tukaunganika. Herufi zikaanza kutokea, moja moja: *Amahoro*, amani, salamu ya Kirundi. Nikajibu. Akauliza habari za mke wangu. Kisha za watoto, kila mmoja kwa jina lake. Kisha mvua. Kisha mihogo. Watu wa huku hawaruki salamu, wawe Waha au Warundi, na miaka yote salamu zake zilinichosha: mimi nataka neno, yeye bado yuko kwenye ng'ombe wa jirani. Nikaona mgonjwa wangu anamalizia nguvu kwenye mihogo, na hajaniambia anavyoumwa.

Nikaandika: "Acha salamu, ndugu yangu. Sema ulichotaka kusema."

Nikapapasa waya, nikaona haujachomoka. Nikadhani nimempoteza. Halafu herufi zikarudi, polepole kuliko mwanzo.

"Ndicho hiki. Na mbuzi je?"

Machozi yakanitoka. Nikamwandikia habari za mbuzi, mmoja baada ya mwingine.