Shikamoo Isiyo na Mkia

Mke wa pili wa baba alihamia nyumbani kwetu Tunduma mwaka mmoja baada ya mama yangu kuzikwa kwao Iyula. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo lililonikera. Ningepata sababu ya kumchukia, ningepumzika. Alikuwa na kibanda cha mchele wa Kamsamba karibu na mpaka, na hakuwa amejaliwa mtoto. Kila asubuhi nilipiga goti, nikasema "Shikamoo," nikanyamaza hapohapo. Neno la kufuata lilikuwa la marehemu. Yeye aliitikia, akangoja kidogo, kisha akarudi kwenye kazi zake.

Siku moja tu alisema, kwa utani, "Mwanangu, shikamoo yako imekatika mkia." Baba alicheka. Mimi sikucheka, na yeye pia hakucheka.

Katika sekondari niliyosoma kulikuwa na mwalimu aliyetufundisha Kiesperanto siku za Ijumaa, baada ya vipindi. Ni lugha iliyotungwa ili watu wa mataifa yote waelewane. Sisi wa mpakani, wenye Kinyamwanga, Kibemba na Kiswahili mdomoni, tuliipokea kama mgeni mmoja zaidi kwenye sinia. Ijumaa moja akatufundisha majina ya kudekeza. "Kata mkia wa jina," alisema, "halafu bandika mwingine. Mwanamume mpe -ĉjo, mwanamke mpe -njo." Tulikatana majina mpaka darasa likageuka soko. Bibi yangu alimdekeza mtu kwa kutanguliza ka-, kwa hiyo niliona ajabu upendo kukaa nyuma.

Ndipo mwalimu akaandika ubaoni: baba ni patro. Mama ni patrino, yaani neno lilelile la baba likiongezwa mkia wa kike. Na mama wa kudekezwa ni panjo, linalosomwa "panyo". Nilibaki nalitazama. Mama aliyetokana na baba! Wa namna hiyo nilikuwa naye nyumbani. Na neno lenyewe halikugusa chochote cha marehemu mama.

Kesho yake nilimkuta mke wa baba kibandani. "Shikamoo, Panyo."

"Marahaba." Aliniangalia. "Panyo ndiyo nini?"

"Jina la kudekeza tu, la shuleni."

Jirani wa kibanda cha pili alikuwa ameshapandisha miguu juu ya kiti. "Panya yuko wapi?" Tulicheka, mimi na mke wa baba, kwa mara ya kwanza pamoja.

Alilipenda. Na kwa kuwa kwetu mzazi humwita mwanawe "mama" au "baba" akimpenda, naye akaanza kunirudishia jina lile, ingawa hakujua maana yake. "Panyo, lete kopo." "Abee, Panyo," nami nikaitika. Wateja walisikia, wakajijibu wenyewe: mtoto anaitwa Panyo, basi huyu ni Mama Panyo. Wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakamwita Bana Panyo, kwa Kibemba chao. Mwanamke ambaye hajawahi kuitwa mama wa mtu akawa na mtoto mbele ya soko zima. Alivyokuwa akigeuka upesi kuitika! Roho iliniuma kumwona, maana nilijua jina lile nilimpa nusu tu, maana yake nikabaki nayo.

Siku moja mteja wa Nakonde akauliza, "Bana Panyo, hili jina la mwanao maana yake nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi hajaniambia."

Alisema huku akichota mchele, bila kuniangalia. Ningeweza kujibu kwamba halina maana, na biashara ingeendelea.

"Maana yake mama," nikasema.

Mteja aliangua kicheko. "Kumbe wewe ni Mama Mama!"

Mke wa baba hakucheka. Kopo lilikuwa limejaa, naye aliendelea kumimina, mchele ukamwagika mezani na chini. Mteja alikinga mfuko wake, akishukuru kwa nyongeza. Jioni tulifunga kibanda tukarudi nyumbani, tukiongea habari za mvua.

Asubuhi nilipiga goti kama kawaida.

"Shikamoo, mama."

Alikuwa anapuliza moto. Aliacha kupuliza, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akasingizia moshi. Safari hii mimi ndiye niliyengoja.

"Marahaba, Panyo."