Bibi yangu si mwizi wa dagaa, mimi ndiye niliyechelewa kusema

Admin, ficha jina langu na mtaa pia, Ujiji tunajuana.

Nina miaka 17, niko kidato cha tatu, naishi na bibi mzaa mama. Nina aibu sana, hata kunyoosha mkono darasani siwezi, ndiyo maana naandika.

Bibi anaanika dagaa kwenye chanja za miti ufukweni tangu mama yangu hajazaliwa. Mwaka huu nikaanza kuona vitu. Asubuhi ananisalimia "mwakeye", naitika, nikirudi kutoka bombani ananisalimia tena kama ndiyo kwanza tunaonana. Chai anatia chumvi. Siku moja jina la mama lilimpotea, mtoto wake wa kumzaa, akacheka, nami nikacheka. Nikawa namfichia. Namgeuzia dagaa kabla sijaenda shule, namnong'oneza majina ya watu. Nilidhani namsaidia.

Wiki iliyopita akaanua dagaa wa Mama Zuhura, akajaza ndoo, akaja nao nyumbani. Mara ya pili hiyo. Mama Zuhura akamfuata hadi mlangoni.

"Bibi, na mvi zote hizo, dagaa wa mwenzio?"

"Chanja ya tatu kutoka njiani ni yangu. Wewe umekuja lini?"

Na kweli ilikuwa yake, kabla ziwa halijajaa likatusogeza wote juu na chanja zikagawanywa upya. Bibi anaenda palepale pa zamani. Nilitaka kusema hivyo, lakini watu walishajaa, nikaingia ndani.

Anayenichosha ni mjomba. Nilimwambia nimesoma kwenye simu, kwa Kiingereza, kwamba kusahau kwa namna hii kunaweza kuwa ugonjwa wa ubongo. Akasema, "Kizungu chako kiache shuleni. Kusahau ni uzee, kuiba ni aibu." Basi nikaenda zahanati peke yangu. Nesi akanieleza kwa Kiswahili chepesi: si kila anayesahau ana ugonjwa huo, apimwe kwanza, maana sababu nyingine zinatibika. Akauliza presha. Nikaona aibu, kwa sababu Bibi aliacha dawa za presha, ati kichwa hakimuumi tena, nami nilijua nikanyamaza. Nesi akasema presha ikiachwa hivyo inaongeza hatari, na masikio yasiyosikia vizuri nayo, na mtu kukaa mpweke bila kazi wala maongezi. "Msije mkamfungia ndani," alisema.

Nimerudi, mjomba kashaweka kufuli. Amewaahidi wanawake wa ufukweni kwamba Bibi hataonekana tena pale. Jumamosi wanakaa kikao, chanja yake apewe mwingine. Ufunguo kaniachia mimi, na amri nisimfungulie.

Kila asubuhi Bibi anaosha beseni lake, anakaa nyuma ya mlango. "Mjukuu wangu, jua limetoka, dagaa wataoza." Namjibu leo hatuendi. Baada ya muda kidogo ananiambia tena, kwa upole uleule, hajui kama nimeshamjibu.

Mjomba hanisikii. Waliobaki ni wale wanawake, wakikubali Bibi aanike pembeni yao, wamwangalie, na mimi nimrudishie dawa zake. Lakini lazima mtu asimame kwenye kikao aseme, na mtu huyo ni mimi, hakuna mwingine. Mama zangu, dada zangu, mliowahi kuuguza mzee wa hivi, mlianzaje kuwaambia watu? Nipeni hata sentensi ya kwanza tu. Nitaikariri.