Matairi Yaliyochongwa

Ephrasia Sanga alijua tairi linavyochongwa kabla hajajua kusoma. Mama yake aliuza chai Makambako, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na jirani yao alikuwa fundi wa matairi ambaye kazi yake ya halali ilikuwa kuziba pancha. Ile isiyo ya halali aliifanyia nyuma ya banda. Alichukua tairi la lori lililokwisha kashata, yaani meno yake, likabaki kipara, akapasha kisu kwenye jiko la mkaa, akachonga mistari mipya pale ile ya zamani ilipofutika. Kisha alilipaka oili chafu na masizi mpaka likang'aa, na mnunuzi asiyejua akaondoka nalo akipiga mluzi.

Ephrasia alikaa pale juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiuliza. Kwa nini kisu kiwe cha moto? Kwa nini usichonge zaidi? Mnunuzi atajuaje? Fundi hakuwa mchoyo wa maneno. "Lililochongwa lina dalili mbili," alimwambia. "Mikato yake ni myembamba, kama ya wembe. Halafu ukilibonyeza kwa dole gumba linabonyea, maana nyama yake imekwisha." Mtoto akaliweka hilo kichwani. Miaka miwili baadaye tairi moja la fundi huyo lilipasuka mteremkoni, lori likapinduka, akafa utingo aliyezoea kunywa chai kwa mama yake kila Jumanne. Fundi alihama mji usiku huohuo. Ephrasia alikuwa na miaka tisa, na tangu hapo hakupanda gari lolote kabla ya kuinama kutazama linakanyagia nini.

Alifika Minnesota mwaka 1993 kusoma uuguzi, kupitia kanisa, na udadisi wake haukubaki uwanja wa ndege. Alimuuliza dereva namna basi linavyopiga goti kuwapokea wazee. Alimuuliza mchungaji sababu ya watu wenye asili ya Norwe kuloweka samaki mwema kwenye magadi mpaka awe kama ute wa yai, na mchungaji, ambaye bibi yake alikuwa akimpika samaki huyohuyo, aliahidi kwenda kuuliza. Ukimwambia Ephrasia kwamba maji ni ya moto, hakubali mpaka atie kidole. Wengine walimwona msumbufu. Mimi namwona mtu aliyejifunza mapema kwamba kitu usichokijua kinaweza kukuua.

Alipanga chumba Hopkins, kwenye maghorofa ya zamani ya matofali. Mchana alisoma, na kila asubuhi saa moja kamili alitakiwa awe Oakdale, upande wa pili wa Saint Paul na mji pacha wake, nyumbani kwa Bibi Lois. Lois alikuwa na miaka themanini na sita, mjane, mwalimu wa hesabu aliyestaafu zamani, na nyonga zake hazikumruhusu tena kutoka kitandani peke yake. Ephrasia asipofika, Lois halali wala haamki: anabaki vilevile alivyo.

Mwanzoni mwa 1996, katika majira ya baridi, gari lake dogo jekundu lilikuwa limemtelezea mara mbili. Mara ya pili liliingia mtaroni, na akafika saa tano. Alimkuta Lois amelowa, macho darini, uso umemwiva kwa aibu. "Pole na barabara," Lois alisema, basi. Ephrasia alimwogesha, akambadilishia shuka, kisha akaingia msalani, akafungua bomba lililie kwa sauti, naye akalia. Mtoto wa Lois aliyeishi Duluth aliposikia alitoa neno lake: ikitokea asubuhi nyingine kama hiyo, atakuja kumchukua mama yake ampeleke kwenye nyumba ya wazee. Lois aliishi katika nyumba ile miaka hamsini na mmoja. Wote watatu walijua kwamba akitoka harudi.

Basi Novemba ya 1996 ilipoingia, Ephrasia alimwendea jirani yake Eliakim, Mkenya kutoka Nyamira aliyefanya kazi hospitali.

"Sister Ephrasia, problem si wewe, ni hizo tairi," Eliakim alisema. "Ati all-season! Minnesota season ni mbili tu, winter na road construction. Wewe nunua snow tires, wakufitie zote nne, uta-drive tu poa."

"Hayo ya theluji yana nini ambacho haya yangu hayana?"

"Aki ya nani mimi sijui. Ziko na grip. Watanzania na maswali!"

Jumamosi walikwenda kwenye gereji ya mzee mmoja aitwaye Harrison, palepale Hopkins. Ephrasia alitaka kusimama karibu aone, lakini sakafuni kulikuwa na mstari wa njano ambao mteja haruhusiwi kuuvuka. Aliketi chumba cha kungojea na kahawa iliyochacha, akiona miguu ya watu na gari lake likipanda hewani. Jioni alikabidhiwa funguo, akainama gizani akaona manne mapya tu, akaendesha kwenda nyumbani. Lilikuwa likivuma kidogo kwenye lami, hakuna zaidi.

Jumapili, wakitoka ibadani, aliinama kama kawaida yake, safari hii jua likimulika.

Kila kibonge cha mpira kilikuwa kimekatwakatwa. Mikato mamia, miembamba kama ya wembe, imepinda kama mawimbi. Aliingiza ukucha kwenye mmoja, ukazama. Akavua glovu, akabonyeza kwa dole gumba. Pakabonyea.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ephrasia hakuona ung'ongo, aliona nyoka mwenyewe. "Eliakim! Njoo. Haya yamechongwa."

Alimweleza habari ya Makambako pale pale kwenye maegesho, koti lake la kanisani likigusa theluji. Eliakim alicheka kwanza. Kisha akaenda kwenye gari lake mwenyewe, akachuchumaa mbele ya matairi aliyokuwa ameyatumia misimu minne bila kuyatazama hata siku moja, na kicheko kikamkauka.

"Woi! Hata zangu! Sister, huyu mzee ametucheza sisi wote."

Kuanzia hapo ushahidi ukazidi kujileta wenyewe. Kwa nini mstari wa njano? Ili watu wasione. Kwa nini wanakwaya watatu wa kanisani, wageni kama wao, walinunua kwake? Kwa sababu wageni ndio huibiwa. Ukishamshuku mtu, hata salamu yake ina kasoro.

Jumatatu mchana walikuwa mlangoni kwa Harrison. Redio ya gereji ilikuwa ikisema theluji kubwa itaanza jioni na haitasimama mpaka kesho. Ephrasia alijua maana yake: kesho ndiyo siku, na alikuwa na saa chache za kuamua amwendee Lois kwa matairi gani. Alimsalimu Harrison vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kwa sababu hata mwizi husalimiwa. Kisha akasema: "Umeniuzia matairi yaliyochongwa. Nirudishie yangu ya zamani."

Harrison, mzee wa masharubu meupe na vidole vilivyoingia weusi usiotoka, hakuelewa. Alimtaka arudie, naye Ephrasia akamsimulia yule fundi wa Makambako na kisu chake cha moto. Alipoelewa aliivua kofia yake, akaivaa tena.

"Vuka mstari," alisema.

Aliwapeleka stoo. Matairi yalikuwa yamepangwa mpaka darini, mapya, karatasi za kiwandani zingali zimebandikwa. Alishusha moja akampa Ephrasia. Mikato ileile. Akashusha jingine la kampuni nyingine. Mikato, mamia.

"Kiwandani ndiko yanakokatwa," Harrison alisema. "Makusudi."

"Kwa nini?"

Eliakim akashusha pumzi, maana alijua safari ya maswali imeanza.

Harrison alitoka nje, akarudi na tairi la kiangazi na la baridi yaliyokuwa yamelala kwenye theluji tangu asubuhi. "Bonyeza." La kiangazi lilikuwa gumu kama ubao. La baridi lilibonyea. Mpira wa kawaida, alieleza, ukipata baridi hukakamaa na kupita juu ya barabara bila kuishika. Huu umechanganywa ubaki laini, nyama ikiwapo tele. Na ile mikato? Kinachomtelezesha mtu, alisema, mara nyingi ni utando wa maji juu ya barafu. Kila mkato ukigusa chini hufunguka, ukanywa yale maji kidogo, na ukingo wake ukauma.

"Na kwa nini manne? Injini si inavuta ya mbele?"

"Ya mbele yakishika na ya nyuma yasishike, mkia utataka kutangulia kichwa."

"Kwa nini msiyatie misumari?"

"Sheria ya Minnesota inakataza. Misumari inachimba barabara."

"Na joto likirudi?"

"Unayavua. Kiangazi huyala kama sabuni."

Wateja wawili walikuwa wakikohoa kwenye chumba cha kungojea. Ephrasia alisikiliza yote na akayaona yana akili. Lakini maneno ya yule fundi wa Makambako nayo yalikuwa na akili, na yalikuwa ya kweli, na mtu alikufa. Alisimama ameshika lile tairi, kichwa kinasema ndiyo, moyo unasema hapana.

"Bado huniamini," Harrison alisema bila kukasirika. "Ukitaka nitakurudishia yako sasa hivi. Ila kwanza nenda uani nyuma. Theluji ya wiki jana imeshindiliwa ikawa barafu. Ingia garini, kimbia maili ishirini kwa saa, kanyaga breki."

Eliakim alikataa kuingia. Alisema yeye ana watoto. Ephrasia alikwenda peke yake. Mara ya kwanza alikanyaga breki macho nusu yamefumbwa, gari likatikisika na kusimama mbali kabla ya ukuta. Hakuridhika, akarudia. Mara ya tatu alishusha kioo ili asikie, na akasikia mpira ukitafuna. Alishuka akapiga magoti kwenye alama zake. Ile michoro ilikuwa imejichapa yote chini, hadi mikato iliyo kama nywele, safi, bila kuvutika wala kuburuzika. Alikaa akiitazama mpaka Eliakim akapiga kelele kuuliza kama ameumia.

Aliona aibu, na hakuificha. "Nisamehe, mzee," alimwambia Harrison. "Nilikuita mwizi."

"Hukuniita."

"Nilikuita Jumapili yote."

Harrison alicheka. Kisha akauegemea mlango wa gari, akashusha sauti kama anayetaka kujua siri. "Sasa wewe niambie. Hicho kisu, walikipasha mpaka kiwe na rangi gani?" Wateja waliokuwa wakikohoa walingoja dakika nyingine ishirini.

Theluji ilianza saa kumi na mbili jioni kama redio ilivyosema. Ephrasia aliondoka saa kumi alfajiri, baada ya kulifukua gari kwa koleo. Barabara ya 94 haikuonekana, ila nguzo za taa na magari yaliyoachwa kando yamegeuka vilima. Aliendesha polepole, akijaribu breki kila palipokuwa patupu. Gari lilisimama kila alipoliambia. Alipopita katikati ya Saint Paul aligundua kwamba alikuwa ameanza kuvutiwa: theluji mbichi haikuwa na sauti, iliyoshindiliwa ilitafunika, na darajani, penye barafu tupu, mpira ulitoa mlio mwembamba kama wa mtu anayenong'ona. Laiti asingekuwa na haraka angerudi ausikie tena.

Aliingiza ufunguo mlangoni kwa Lois saa moja kasoro dakika nane.

"Bibi Lois! Nimefika!"

Hapakujibiwa. Aliita tena, akipanda ngazi na viatu vyake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Chumbani taa haikuwashwa. Lois alilala ameelekea ukutani, macho wazi, na kifaa chake cha kusikilizia, ambacho kila siku alikivaa saa kumi na mbili ili asikie ufunguo, kilikuwa bado ndani ya kikombe mezani. Hakukivaa kwa sababu hakumtarajia mtu.

Ephrasia alimgusa bega. Lois akashtuka, akageuza kichwa, akamtazama yeye na theluji iliyokuwa ikimdondoka mabegani. Alinyoosha mkono, akakitafuta kifaa, akakiingiza sikioni.

"Sema tena," alisema.

"Nimefika."

"Umefikaje?"

Ephrasia alifungua mdomo aanze kueleza, mikato, mpira, utando wa maji, lakini Lois alikuwa ameshaonyesha simu. Alisogezewa. Alibonyeza namba za Duluth moja moja, akangoja ipokewe.

"Ni mimi. Nimebadili yale niliyokwambia jana, kwamba uje unichukue." Akasikiliza. "Hapana, usije. Yuko hapa." Akasikiliza tena. "Ndiyo, katika theluji hiihii. Amesimama mbele yangu, ananiloweshea zulia."

Alirudisha simu mezani bila kuaga. Akapangusa uso kwa ncha ya shuka, kisha akainua mikono yote miwili.

"Haya," alisema. "Niinue."