Simu Ilisema Wote Wamo Garini

Saa nne asubuhi, na Rodney Barasa anaangalia simu yake kabla ya kuwasha gari. Kwenye kioo kuna majina ya abiria wake wote, kila moja likiwa na rangi ya kijani. Hata hivyo anashuka, anazunguka gari, anachungulia madirisha, kisha anarudi kwenye usukani.

"Kijani haijanidanganya bado," anasema huku akifuta kiganja kwenye suruali. "Hiyo 'bado' ndiyo inayoninyima raha."

Barasa, mwenye umri wa miaka 41, ni dereva wa kituo cha kutunzia wazee mchana huko Burnsville, kusini mwa Minneapolis. Ni mzaliwa wa Kimilili. Alikuja Minnesota kusomea kompyuta, karo ikamshinda katikati ya masomo, akashika usukani. Hulipwa dola 21 kwa saa. Kila Alhamisi huwapeleka wazee matembezini, na leo, kwa kuwa kuna jua, wanaenda kwenye maporomoko ya Minnehaha.

Wengi wa wazee hao waliletwa na watoto wao kutoka Kenya na Kongo. Watoto wanashinda hospitalini na maofisini, Eagan hadi Eden Prairie, na mzazi hawezi kuachwa peke yake nyumbani. Mmoja wao ni Rahab Wambui, 78, ambaye kituo kizima humwita Shosho, yaani nyanya kwa Kikuyu. Maradhi ya kusahau yameanza kumsumbua. Januari iliyopita alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa amevaa ndara, na nje theluji imefika magotini. Alipatikana upesi, lakini tangu siku hiyo Barasa anaishi roho mkononi.

"Baridi ya huku haina mzaha, ndugu yangu," anasema. "Mzee akisahaulika nje, umempoteza. Na mimi ndiye niliyemtoa kwao asubuhi."

Basi akairudia kompyuta. Jumamosi baada ya Jumamosi, kwenye meza ya jikoni, aliandika programu yake mwenyewe. Alinunua vile vitufe vya kutoa mawimbi ambavyo watu hufunga kwenye funguo zisipotee, na mkewe, Maureen, akavishonea ndani ya makoti ya wazee. Kitufe kikiwa garini, jina huwa la kijani. Kikiwa mbali, jina huwa jekundu na simu hulia.

Mwanzoni alijaribu bangili. Wazee walizivua zote siku hiyo hiyo, wakamwambia wao si wafungwa. "Nikajiambia, koti! Nani ataacha koti Minnesota?" anakumbuka.

Meneja alimpa mwezi mmoja wa majaribio. Mambo yakienda sawa, magari yote ya kituo yangetumia programu hiyo, na Barasa angehamia ofisini kuisimamia. Leo ndiyo safari ya mwisho ya majaribio.

Huko Minnehaha jua lipo, lakini upepo unakata. Shosho ameshikana mkono na Mama Générose, mjane kutoka Bukavu. Wawili hawa ni chanda na pete. Wanapiga picha, wanacheka, wanabishana kuhusu uji wa nani ni mtamu. Barasa hatulii. Anatazama wazee, anatazama simu, anatazama wazee tena. Mwandishi wa makala haya anapomwomba angalau apumue, anajibu, "Nitapumua tukifika Burnsville."

Saa saba wanapanda gari kurudi. Mhudumu mwenzake anahangaika nyuma kufunga kiti cha magurudumu. Barasa anasoma simu: kijani tupu. Kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. Safari hii hashuki kuchungulia madirisha. Anaondoa gari.

Wameshaingia barabara kuu anapopaza sauti, kwa utani: "Shosho, mbona leo hulalamiki kuhusu hita yangu?"

Anaita tena, kwa sauti ya juu zaidi.

"Shosho?"

"Rahab haiko huku," anajibu Mama Générose kutoka kiti cha nyuma. "Mi nilizania iko mbele."

Barasa anatazama simu. Jina la Rahab Wambui bado ni la kijani. Anainua macho kwenye kioo cha ndani, na uso unamshuka.

"Mama, hilo koti ni la nani?"

"Ni manteau ya Rahab. Yangu niliiacha humu ndani ya motokari, jua ilikuwa inawaka. Akaona natetemeka, akanivalisha yake. Nilikatala, akasema kwao hawaache mugeni atetemeke."

Koti lilikuwa limepanda gari. Mwenye koti hakupanda. Hata sisi tuliokaa mbele hatukugundua.

"Mungu wangu, nimefanya nini?" Barasa anasema, na kugeuza gari kwenye njia ya kwanza anayoiona. Kwenye kila taa nyekundu anaupiga usukani ngumi.

Shosho yuko karibu na njia ya watembea kwa miguu, amekaa kwenye benchi na sweta lake jepesi, midomo imebadilika rangi, anawasalimia wapita njia kwa Kikuyu. Barasa anakimbia, mlango wa gari ukibaki wazi, anavua jaketi lake na kumfunika.

"Pole, Shosho! Pole sana!"

"Mbona umekawia, mwanangu?" anauliza Shosho, meno yakigongana. "Générose amepata joto?"

Barasa anamkumbatia. Analia waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya watu wasiomjua.

Wakifika Burnsville, muuguzi wa kituo anampima Shosho, anampa chai, anasema yuko salama. Kwenye simu hakuna kosa lolote lililorekodiwa. Majaribio yamefaulu, ukiisikiliza simu. Barasa anaingia ofisini kwa meneja na kusema yote. Anapotoka, matembezi yamesimamishwa, na yeye ameambiwa akasubiri kupigiwa simu.

Haondoki. Anamngoja Lois, bintiye Shosho, anayekuja jioni akiwa bado na sare za hospitali.

"Ulimwacha mamangu nje? Bila koti?"

"Ndiyo, dada. Niliamini simu."

Lois anageukia ukuta. Anapomgeukia tena, sauti yake imekauka.

"Kesho sina zamu. Na Jumatatu nani atamleta? Mimi sina mtu mwingine, Rodney. Nikikosa kwenda kazini, hatuna nyumba. Nakuchukia leo, lakini mama anakufahamu wewe tu."

Barasa hataki kuitupa programu yake. Anataka kuibadilisha, ili jina lisigeuke kijani mpaka dereva aende kiti kwa kiti, amtazame mtu usoni, ndipo abonyeze. "Isiniambie kwamba wapo," anasema. "Iniulize kama nimewaona."

Kufikia jana, meneja hakuwa amepiga simu. Jumatatu, Barasa anasema, atakuwa kituoni mapema kama kawaida.

"Wakinipa funguo, nitaendesha. Wakimpa mtu mwingine, nitasimama pale mlangoni nimwonyeshe Shosho ni yupi."